Barua zenu: Video umeituma, mbona neno hukusema?

Mwezi uliopita niliomba mniandikie kuhusu video mnazozipenda mitandaoni, za utamaduni, za muziki, za sayansi, za siasa, yoyote ile, mradi mtu aseme kaipenda kwa nini na kampelekea nani. Yamekuja mengi mno, barua, meseji, sauti za dakika nane nane, na zote nimezisikiliza. Lakini karibu nusu zimekuja linki tupu, haina jina haina salamu, na linki tupu nimeiwacha kama ilivyokuja. Nalisema mapema hili maana naliona kila grupu nililomo, video inaletwa kavu na inapita kavu, na nzuri inazikwa pamoja na mbaya.

*Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Mie n'ko Wete, tuna grupu letu la ukoo watu hamsini na kitu, wengine Unguja, wengine Dar, wengine Maskati na Uingereza. Kila nikiona video nzuri naituma, ya ngoma, ya sayari, ya mapishi, hamna hata mmoja anaejibu. Akituma mjomba picha ya ua la Ijumaa watu arubaini wanasema amin. Wananidharau kwa udogo wangu?* Binti, Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Hawakukudharau. Ua la Ijumaa mtu analiona lote kwa mara moja, anasema amin anaendelea na kazi yake. Video yako ya dakika kumi na nane inataka bando, inataka nafasi, inataka mtu akae chini, na yeye pale kwenye simu anaona kapicha kadogo na kimshale tu, hajui ndani mna nini wala hajui kwa nini umemletea yeye, basi anasema ntaitazama usiku, na usiku ukifika keshasahau.

Nikupe la kwangu. Kaka yangu yuko Maskati, aliniletea video ya mchezo wa ng'ombe wa huko huko kwenu Pemba, ikakaa kwenye simu yangu wiki tatu sijaigusa. Siku hiyo akanipigia akaniambia hebu nenda dakika ya sita, mtizame yule mzee wa zumari alokaa chini ya mwembe, kisha niambie kama hafanani na marehemu baba. Nilikwenda pale pale. Ng'ombe yuko uwanjani na kamba yake ndefu, kijana anamchezea kitambaa, watu washapanda miti, wanawake wanaimba, na pembeni yule mzee mashavu yamemjaa pumzi, kofia imemkalia upande khasa kama baba alivokuwa akiivaa. Niliitazama mpaka mwisho nikairudia, kisha nikawaita watoto nikawaeleza kuwa mchezo ule wazee wanasema tumeurithi kwa Wareno waliokuwa huku karne ya 16 na 17, na kwamba ng'ombe wetu hauawi, anachezwa tu kisha anarudi bandani kwake. Video ni ile ile iliyolala wiki tatu, kilichoongezeka ni maneno mawili ya kaka.

Kwa hivo ukituma, andika chini yake hiki ni kitu gani, cha wapi, cha lini kama unajua, na dakika ipi isimpite mtu. Na mtaje mtu kwa jina, mwambie mjomba hii si ndo ile ngoma mliyokuwa mkiicheza Mtambwe mkiwa vijana? Mtu akiulizwa hujibu, hasa mtu mzima akiulizwa habari za ujana wake. Usitume tatu kwa siku, tuma moja, na ikipata majibu iwache iongelewe hata siku mbili kabla hujaleta nyengine. Halafu ile ndefu usiidaunlodi ukaituma nzima, WhatsApp inaikamua mpaka sura za watu hazitambulikani. Tuma linki, na wenye bando dogo waambie ubora wa picha wauweke kwenye 240 au 360, kwa kioo cha simu inatosha.

*Bi Mkubwa shikamoo. Bibi yangu ni mtu wa Kikwajuni, kapindukia themanini, macho yamepungua lakini masikio mazima. Nataka kumkusanyia video za taarab asilia maana hizi za kisasa anasema ni makelele. Nianzie wapi?* Mjukuu, Kikwajuni

Marahaba mwanangu, na Mungu akulipe kwa hilo tu la kumfikiria.

Anza na Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, mwanamke aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi santuri kwa Kiswahili wakati taarab ya majumbani kwa wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Amefariki 1950. Ukimtafuta kwenye YouTube mara nyingi utakuta sauti ya santuri inakwaruza na picha moja tu imesimama, na vijana wengi wanaikimbia hapo hapo wakidhani simu imeganda. Kwa bibi yako picha kusimama si kitu. Chukua bilauri tupu ya gilasi, simu uitie ndani wima, spika chini, uone sauti inavojaa chumba. Mie nafanya hivo kila Ijumaa baada ya Isha.

Kisha mpeleke kwenye vikundi. Ikhwani Safaa wameanza 1905, Culture Musical Club 1958, na wote wana maonesho yaliyorikodiwa vizuri, kamera imekaa karibu na wapigaji. Tafuta ile inayoonesha mkono wa mpiga ganuni. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, kila sauti nyuzi tatu tatu, na mpigaji kavaa vipete kwenye vidole vya shahada vyenye ukucha wa kuchokolea, mkono wa kulia unatangulia na wa kushoto unaufata chini yake, na kila baada ya muda anaunyanyua mkono wa kushoto chap kugeuza vijiti vidogo vya pembeni ili sauti ipande au ishuke nusu, anarudi kwenye nyuzi bila kupoteza hata pigo moja. Mie nilikwenda taarab tokea mdogo na sikuwahi kuliona hilo, ukumbini unakaa mbali na mbele yako watu wanasimama kutunza. Nimeliona kwa video nikiwa mtu mzima.

Bi Kidude, yule mwimbaji wetu mkongwe wa taarab na unyago, bila shaka atamtaka. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, kuna filamu ya maisha yake ya 2006 na kuna nyingi za majukwaani, Sauti za Busara pale Ngome Kongwe tokea tamasha lilipoanza 2004. Lakini nakuomba, usimpe bibi simu ukaondoka. Kaa nae, na simu ya pili iwe inarikodi sauti yake yeye anapozungumza. Atakwambia yule wa tatu kutoka kulia alikuwa jirani yetu, yule fidla alikuwa fundi cherehani, ule wimbo aliimbiwa fulani aliyemkimbia mumewe. Hayo hayamo kwenye maelezo ya video yoyote. Uyaandike, mwaka na mtaa, kisha nenda kwenye komenti chini ya ile video uyaweke kwa heshima, wambie nimeyapata kwa bibi yangu wa Kikwajuni. Majina ya watu walio hai na siri zao yawache nyumbani, lakini ya wapigaji yaandike yote, maana video nyingi za taarab zetu zinasema tu "taarab Zanzibar" na wale watu kumi na tano waliovaa suti nyeupe hawana jina hata mmoja. Hilo linanikera sana, nalisema wazi.

*Babaangu haamini kama Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, kazaliwa Zanzibar, anasema ni maneno ya watembeza watalii. Nimuoneshe nini?* Kijana, Malindi

Kazaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Maparsi. Muoneshe ile ya tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, 13 Julai 1985, kama dakika ishirini tu, na umwambie atazame umati wote unapopiga makofi kwa pamoja. Akimaliza tembea nae mpaka Shangani, kwenye makumbusho yake.

*Mie mwalimu wa sayansi, Chake Chake. Nawaonesha wanafunzi video za anga za juu, roketi, mwezi, wanashangaa dakika mbili kisha wanaanza kuzungumza, wanasema hayo ni mambo ya wenzetu. Ipi itawashika?* Mwalimu, Chake

Mwalimu, waambie Tunguu pia ilikuwemo.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa saa 4 na dakika 55, Mmarekani wa kwanza kuizunguka. Wakati ule hakukuwa na satelaiti za kumfatilia, kwa hivo ikabidi vipangwe vituo vya redio duniani njia nzima atakayopita, akitoka kwenye masikio ya hichi anaingia kwenye ya chengine. Akimaliza Kano kule Nigeria anapokelewa Zanzibar, kituo chetu kilikuwa Tunguu, kisha anapokelewa na meli katikati ya Bahari ya Hindi, kisha Australia. Na jua lake la kwanza kuzama kule juu aliliona baada ya kutupita sisi, juu ya bahari yetu hii. Kituo kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Filamu za safari ile NASA wameziweka wazi na vitu vyao vingi ni ruhusa kuvitumia, kwa hivo idaunlodi kwenye waifai nzuri uende nayo skuli, lakini kabla hujabonyeza wachoree ubaoni ile njia, Kano, Tunguu, meli, Australia, wajue anakopita. Nina yakini hawatosinzia.

Ya pili nnayokupendekezea ni ya maji. Tafuta video ya ghuba ya Fundy, Canada, zile zilizobanwa muda, masaa sita yanapita kwa nusu dakika. Kule maji yanapanda mpaka kama mita 16, mashua iliyolala kwenye tope inanyanyuliwa juu kama kwenye jumba la ghorofa tano. Halafu waulize hawa watoto, kwenu bamvua maji yanapanda kiasi gani? Watakwambia wao, maana mama zao wanalima mwani na siku za kwenda pwani wanazihesabu kwa mwezi, kilimo hicho kimeshika huku tokea 1989 na bila bamvua hakifanyiki. Kwetu ni kama mita 4. Hapo ndo unawaeleza kuwa mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vimekaa mstari mmoja na dunia, vinavuta maji kwa pamoja, ndo bamvua, na mwezi ukiwa nusu vinavuta kila kimoja upande wake, ndo maji mafu. Neno wanalo tokea wadogo, sababu yake ndo ulowaletea wewe.

Kisha wafanye yao. Simu nyingi saivi zina sehemu ya kubana muda kwenye kamera. Ifungeni kwenye mti imara mbele ya dau lililotia nanga, maji yakiwa yamejaa kabisa, na muiwache masaa sita mpaka litulie kwenye mchanga, mtoto mmoja akae nayo kwa zamu na chaji ya akiba. Hiyo ndo video ya kutuma Canada.

*Bi Mkubwa, kwenye harusi ya shoga yangu simu zilikatazwa, lakini mtu karikodi ngoma ya ndani kwa wanawake, bibi harusi kichwa wazi, na sisi tunacheza bila ya buibui. Saivi iko kwenye stetasi za watu mpaka wanaume wanaituma. Aliyeiweka anasema ni utamaduni wetu, dunia ione. Mie nimo ndani na silali.* Asiyelala, Mwanakwerekwe

Pole sana mwanangu. Ile si kushea utamaduni. Wanawake mlifunga mlango mkaaminiana, na mmoja kautoboa. Bi Kidude alipanda jukwaani na ngoma za unyago kwa khiari yake mwenyewe na watu walilipa kuja kumtazama, shoga yako hakupanda jukwaa lolote.

Leo leo, usingoje kesho, mwendee aliyeirikodi pamoja na mtu mzima wa kike anaeheshimika mtaani. Kama kaituma WhatsApp ana siku mbili na kidogo za kuifuta kwa wote, zikipita hapo haiwezekani tena, kwa hivo muda ndo kila kitu. Ikiwa imepandishwa Facebook au TikTok, nyote mliomo ndani muiripoti kila mtu kwa simu yake. Piga picha za kioo zenye jina la aliyeiweka na saa, uzihifadhi. Akikataa, nendeni kwa sheha na kisha polisi, msione haya, mwenye haya awe yeye. Na wewe unaesoma hapa, ikikufikia ifute, usiitazame mpaka mwisho ndo ukasema astaghfirullah.

*Barazani kwetu kila jioni mtu anakuja na klipu ya siasa ya nusu dakika, watu wanagombana mpaka hawasalimiani. Juzi imekuja moja ya vurugu Forodhani imeandikwa 2022, nimekuletea. Ya kweli?* Mzee wa baraza, Michenzani

Mzee wangu, nimeitazama mara nne. Watu wanakimbia ni kweli, na ni pale pale Forodhani. Lakini sekunde ya kumi na moja kamera inageuka, na nyuma ya miti mnara wa saa wa Beit al Ajaib umesimama mzima. Mnara ule ulianguka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha, nani kasahau. Basi hiyo ya 2022 itakuwaje na mnara? Ni ya zamani, imevishwa tarehe mpya ili nyinyi mgombane, na mmegombana.

Wafundishe vijana pale barazani kutazama nyuma ya watu, mbele kila mtu anatazama. Jengo, bango, namba za gari, nguo za msimu, maji ya Forodhani yamejaa au yametoka. Wakiona imekuja na vimishale viwili na maandishi kuwa imesambazwa mara nyingi, wajue imeshapita mikono mingi isiyoijua, ndo maana WhatsApp tokea 2020 ya namna hiyo wanakuruhusu kuituma pahala pamoja tu kwa mara moja. Na hotuba ya nusu dakika mwambieni aliyeileta akaitafute nzima kwanza. Mtu anaposema "wenzetu wanadai kwamba" ukimkata hapo ukaanzia neno linalofata, umemtia mdomoni maneno anayoyapinga. Na wakumbuke pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha kusambaza taarifa za uongo na inatumika huku Visiwani vile vile.

Mkitaka video ya siasa ya kukaa nayo jioni nzima, tafuteni habari za Novemba 2009, Rais wetu wa wakati ule Amani Karume na Maalim Seif wa upinzani walipokutana, kisha za kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndio serikali iwe ya umoja. Muiweke kwenye TV ya mtu, sauti juu, na kila mmoja aseme siku ile alikuwa wapi na alipiga vipi akitaka kusema. Nyinyi watu wa Michenzani mlikuwepo, klipu hazijui mnayoyajua. Maalim katutoka Februari 2021 na wengine walokuwemo kwenye picha zile washatangulia, na bado wapo wanaokaa barazani kwenu waliobeba viti siku ile.

*Video zote za Mwaka Kogwa nnazoziona ni za wageni, wanaonesha watu wanapigana kwa migomba dakika mbili, basi. Hawaelezi kitu. Sisi wenyewe turikodi?* Mtu wa Makunduchi

Rikodini tena kwa sauti zenu. Mgeni anaona watu wanapigana, hajui kuwa wale wanamaliza vinyongo vya mwaka mzima kabla mwaka mpya wa Nairuzi haujaingia, na kuwa baada ya pale kibanda cha makuti kinachomwa na mtu yumo ndani na anatoka mbio, na wanawake wanazunguka wakiimba kwa nguo zao nzuri kuliko zote. Anzeni siku moja kabla, mumuoneshe anaekata migomba, anaejenga kibanda, na jikoni kunavopikwa, maana siku ile mgeni akikosa nyumba ya kula inakuwa aibu ya mji mzima. Mpeni mzee mmoja aeleze kila kitu kinapotokea, kwa Kimakunduchi chenu, na maandishi ya Kiswahili cha kawaida yaje chini.

Simu ilale upande, isisimame wima. Na Julai kusi linavuma kwenu, kijitundu cha maiki mkifunike kwa kipande cha kitambaa cha pamba, la si hivo mtapata upepo tupu na sauti ya mzee haitosikika.